Gari Lavutwa, Lasukumwa, au Yote Mawili?

Je, wajua kwamba Audi Quattro, gari lililotikisa mbio za magari duniani kwa kuendeshwa na magurudumu yote manne, lilishindwa kutamba kwenye Safari Rally ya Kenya kwa miaka kadhaa? Audi walitwaa ubingwa wa dunia wa watengenezaji mwaka 1982. Hata hivyo, Safari ya 1983 ilichukuliwa na Opel Ascona, na zile za 1984, 1985 na 1986 zikaenda kwa Toyota Celica; magari yote hayo yakisukumwa na tairi za nyuma tu. Audi ilishinda mwaka 1987, Hannu Mikkola akiwa kwenye usukani.

Kwa hiyo magurudumu manne si dawa ya kila barabara. Kinachosogeza gari ni tairi kuishika ardhi, na tairi hushika kwa kadiri ya uzito unaoikandamiza.

Mwaka 1959, Alec Issigonis aliilaza injini ya Mini kikingamo na kuipa kazi ya kuzungusha tairi za mbele. Magari mengi madogo ya leo, Toyota Vitz ikiwemo, yanafuata mpango huo. Hakuna propela shafti inayopita chini ya sakafu, hivyo nafasi ya abiria inaongezeka, gari linakuwa jepesi na halinywi mafuta mengi. Uzito wa injini nao unazikandamiza tairi zinazovuta. Lakini jaza mizigo kwenye buti, kisha panda kilima cha changarawe: uzito unahamia nyuma, pua inakuwa nyepesi, na tairi za mbele zinasaga kokoto bila kusonga.

Hapo ndipo Hiace na malori yanapoonyesha faida ya kusukuma kwa nyuma. Mzigo unakaa juu ya tairi zinazofanya kazi. Likiwa tupu kwenye utelezi, gari la namna hiyo hurusha mkia, na dereva anatakiwa kukanyaga mafuta kwa adabu.

Magurudumu manne yanagawa kazi, ila nayo yana mipaka. Kwenye kona, tairi ya nje husafiri njia ndefu kuliko ya ndani, na difu ndiyo inayoziruhusu kupishana mwendo. Tairi moja ikizama kwenye tope, difu hiyohiyo huiacha izunguke bure huku mwenzake iliyo pakavu imetulia. Ndiyo maana gari la magurudumu manne lisilo na kufuli ya difu, wala mfumo mwingine wa kuidhibiti tairi inayoteleza, linaweza kukwama huku tairi moja ya mbele na moja ya nyuma zikirusha matope.

Tena, kwenye breki faida hiyo haipo, kwa kuwa kila gari hufunga breki kwa tairi zote nne. Anayeshuka mlima wenye utelezi kwa kasi akitegemea magurudumu manne anajidanganya.

Basi chagua kwa kipande kibaya unachopita kila wiki. Ukiishi kwenye lami, gari linalovuta kwa mbele linakutosha. Ukibeba mizigo mizito, tafuta linalosukuma kwa nyuma. Masika yakikufungia njia ya nyumbani, lipia magurudumu manne bila kujuta. Na lolote utakalochagua, livalishe tairi zenye meno, kwa maana kipara hakishiki tope.