Damu ya Jeraha Huzuiwa kwa Mkono

Kila mwaka kabla ya mvua za masika watu hufyeka mashamba yao, na mapanga yaliyonolewa kwa kazi hiyo hayakati majani peke yake. Mtu ajikatapo mguu, damu humwagika, na walio karibu hutawanyika kutafuta dawa: huyu aleta majivu, yule mafuta ya taa, mwingine udongo au samadi. Muda huo wote jeraha li wazi na damu yazidi kutoka.

Yafaa ifahamike kwamba dawa ya kwanza ni mkono. Mtu mzima ana damu ipatayo lita 5 tu, naye akipoteza nyingi kwa ghafula aweza kufa kwa dakika chache, kabla gari halijapatikana. Basi mlaze chini, ukunje leso au kipande cha kanga kilicho safi, ukiweke juu ya jeraha na kukandamiza kwa nguvu. Akiwa na fahamu, akandamize mwenyewe huku wewe ukitafuta kitambaa au glavu, kwa kuwa yako maradhi yaambukizwayo kwa damu.

Usiondoe mkono kabla ya dakika 10 kupita, tena kwa kutazama saa. Hapa ndipo wengi hushindwa, kwa sababu kila mara hufunua ili waone kama damu imekoma. Damu ina tabia ya kuganda na kuziba mahali ilipotokea. Ukifunua, waibandua ile iliyokwisha kuganda, na kazi yaanza upya. Kitambaa kikilowa, ongeza kingine juu yake na uzidi kukandamiza. Damu ikitulia, funga bendeji juu ya vitambaa hivyo hivyo, lakini isibane hata vidole vikafa ganzi. Kama kipande cha chupa kimezama ndani, usikichomoe: kandamiza kando zake.

Huenda damu ya mkono au mguu ikaruka kwa kufuata mapigo ya moyo, na kukandamiza kusifae kitu. Hapo tu, funga kitambaa cha upana wa vidole vitatu juu ya jeraha, upande wa moyo, si juu ya goti wala kiwiko. Pitisha kijiti katika fundo, ukizungushe mpaka damu ikome. Kamba nyembamba na waya hukata nyama, visitumiwe. Andika saa uliyofunga, wala usilegeze hadi mgonjwa afike hospitali.

Na ule udongo na samadi? Ndimo wakaamo vijidudu vya pepopunda, ugonjwa ukazao taya na mwili wote siku kadhaa baada ya jeraha kuonekana dogo. Mafuta ya taa nayo huunguza nyama. Mkato mdogo huoshwa kwa maji safi na sabuni, ukafunikwa, hauhitaji zaidi.

Jeraha lililo refu, lililoachama, au lililoingia uchafu lipelekwe zahanati siku ile ile, likashonwe. Mgonjwa amweleze daktari ni lini alichomwa sindano ya pepopunda kwa mara ya mwisho. Kama hakumbuki, aseme hivyo, naye atachomwa nyingine.