Kijana wa ng'ambo ya barabara

Habari ya mwezi huu inatoka mbali, katika mji wa Brookline, karibu na Boston, kule Marekani. Ni habari ya mchezo wa golfu. Tunajua mmoja wenu atasema: "Golfu iko mchezo ya batajiri. Sisi bantu ya kambi tunaingilia wapi?" Ulizo lake ni la haki. Pale Lubumbashi kuna kartier nzima inayoitwa Golf, na watu wengi wanataja jina hilo kila siku pasipo kushika fimbo ya mchezo wenyewe hata mara moja. Lakini soma mpaka mwisho. Aliyeshinda siku ile hakuwa tajiri, na aliyemsindikiza alikuwa mtoto wa miaka 10.

MCHEZO WENYEWE

Kwanza tuelewane juu ya mchezo. Uwanja wa golfu una mashimo 18. Toka mwanzo wa kila shimo mpaka shimo lenyewe kuna njia ya majani, pengine metre 100 na kitu, pengine metre 400 au zaidi. Mara nyingi njia hizo zinapita katikati ya miti mirefu, kuume na kushoto. Kila mchezaji ana mpira wake mdogo. Anaupiga kwa fimbo mpaka uingie ndani ya shimo, kisha anaenda kwa shimo lingine. Mapigo yake yote yanahesabiwa, na mwenye mapigo machache ndiye mshindi.

Hakuna kipa, hakuna mtu wa kukunyang'anya mpira. Adui zako ni miti, majani marefu, mabonde ya mchanga, na mkono wako mwenyewe ukianza kutetemeka. Mchezaji anasindikizwa na mtu wa kumbebea mfuko wa fimbo. Mbebaji huyo anatazama pia mpira unapoangukia, na akiwa na akili anatoa neno la shauri kwa saa yake.

NYUMBA MBELE YA SHIMO LA 17

Francis Ouimet alizaliwa mwaka 1893. Jina lake ni la Kifaransa, kwani baba yake, Arthur, alikuwa Mkanada wa lugha ile. Mama yake, Mary, alikuwa wa ukoo wa Ireland. Baba alikuwa mtunza bustani. Nyumba yao ilikuwa kwa barabara ya Clyde, mbele kabisa ya shimo la 17 la uwanja unaoitwa The Country Club. Upande huu wa barabara, mshahara mdogo na watoto wa kulisha. Upande ule, matajiri wa Boston na majani yao yaliyokatwa vizuri. Sisi wa mkoa wa migodi hatuna lazima ya kuelezwa barabara ya namna hiyo. Tunaijua: hapa kambi, pale nyumba za wakubwa, na katikati barabara moja tu.

Kwenda masomo, Francis alikuwa anakata njia kupitia uwanja ule. Ndani ya majani aliokota mipira iliyopotea. Yeye na kaka yake Wilfred wakajitengenezea mashimo 3 nyuma ya nyumba. Alipokomaa kidogo akaanza kuwabebea matajiri mifuko yao, kwa kupata feza kidogo. Kumbe mbebaji naye anasoma! Akiwa nyuma ya wakubwa, mfuko begani, Francis alijifunza kila mti wa uwanja ule, kila mteremko, kila mahali mpira unapopenda kugeuka.

Baba hakufurahia mambo hayo hata kidogo. Kwake mchezo ulikuwa kupoteza wakati; mtoto wa mfanyakazi anapaswa kutafuta kazi. Mwaka 1910, Francis alitaka kuingia katika mashindano ya taifa ya wachezaji wa amatere, ndiyo kusema wale wanaocheza kwa kupenda tu, pasipo malipo. Ili aandikwe ilikuwa lazima awe memba wa klabu, na kiingilio kilikuwa dola 25. Mama akamkopesha. Francis akaingia kazi katika magazini moja ya mjini kwa dola 4 kwa juma, akalipa deni la mama pole pole. Na mashindano? Akakosa kuchaguliwa kwa pigo moja. Mwaka 1911, tena pigo moja. Mwaka 1912, tena pigo moja. Vijana, mnaosema "nilijaribu mara moja, nikaacha", mnasikia?

WAZEE WAWILI KUTOKA NG'AMBO YA BAHARI

Mwezi wa 9 mwaka 1913, mashindano makubwa ya Marekani, yale yanayofunguliwa kwa wachezaji wa malipo na kwa amatere pia, yalifanywa palepale, The Country Club. Francis alikuwa na miaka 20, mfanyakazi katika magazini ya vyombo vya michezo. Akaandikwa.

Lakini watu hawakuja kumtazama yeye. Walikuja kuwatazama Harry Vardon na Ted Ray, wote wawili wazaliwa wa kisiwa cha Jersey. Golfu ilikuwa kazi yao na mkate wao. Vardon alikuwa ameshinda mashindano makubwa ya Uingereza mara 5, na yale ya Marekani mwaka 1900. Ray alikuwa ameshinda yale ya Uingereza mwaka 1912. Tuseme leo kijana wa timu ya kartier anapewa kucheza na mabingwa wa dunia. Ndivyo ilivyokuwa.

Na mbebaji wake? Alikuwa abebe kijana aitwaye Jack Lowery, lakini mtu mwenye kazi ya kukamata watoto wanaokimbia masomo alimkamata Jack. Ndugu yake mdogo, Eddie, miaka 10, akaponyoka, akafika uwanjani peke yake. (Hatusifu kukimbia masomo, watoto! Tunaeleza tu vile ilivyokuwa.) Eddie alikuwa mfupi sana, na mfuko wa fimbo karibu ulingane naye. Lakini alijua kazi yake. Alikuwa anamwambia Francis atie macho yake kwa mpira tu. Kuangalia mahali unapoenda, hiyo ni kazi yake yeye Eddie.

MASHIMO 6 YA MWISHO

Mashindano yalikuwa ya kuzunguka uwanja mara 4 kwa siku mbili. Kiisha mzunguko wa tatu, Vardon, Ray na Francis walikuwa sawasawa: mapigo 225 kila mmoja. Siku ya Ijumaa, mvua ikinyesha, Vardon na Ray walitangulia kumaliza mzunguko wa nne. Jumla yao ilikuwa 304 kila mmoja.

Francis alikuwa bado nyuma, na alikuwa amepoteza mapigo mengi. Ili awafikie, alipaswa kumaliza mashimo 6 ya mwisho kwa mapigo 22. Mchezaji hodari, pasipo kosa, anatumia 24. Kwa shimo la 13 alipiga mpira akiwa bado nje ya majani mafupi, na mpira ukaingia. Akapata moja. Akafika kwa shimo la 17, lile la mbele ya nyumba yao. Kwa barabara ya Clyde motokari zilikuwa zimejaa na watu walikuwa wanapiga honi. Francis akainama, akapiga. Mpira ukateremka, ukageuka, ukaingia. Watu wakalia kwa furaha. Baadaye Francis alieleza kwamba honi zile hakuzisikia hata moja. Kwa shimo la 18 akatumia mapigo 4. Jumla: 304. Ikawa lazima watu watatu hao wacheze tena siku iliyofuata, mashimo 18.

ULIZO LA JUMAMOSI ASUBUHI

Sasa tunafika kwa jambo lililotufanya tuandike habari hii. Asubuhi ya Jumamosi, tarehe 20 mwezi wa 9, kabla ya kuanza, rafiki mmoja wa Francis, mtu mzima na mchezaji, alitaka kubeba mfuko wake. Aliona kwamba kwa siku kubwa kama ile haifai kumwachia mtoto mdogo kazi hiyo. Tena alikuwa tayari kumpa Eddie feza ili akubali kuondoka. Eddie akakataa. Rafiki akamwendea Francis mwenyewe.

Tusihukumu haraka. Mtu yule hakuwa mbaya. Alitaka rafiki yake ashinde. Na ukihesabu kwa akili ya watu, alikuwa na haki. Mtu mzima anajua upepo, anajua fimbo gani ya kuchagua. Mtoto wa miaka 10 anajua nini? Kwetu pia mambo hayo yanaonekana. Mtu anapanda cheo, na wale waliokula naye kisamvu anawaona sasa kuwa haya. Anawaacha pole pole, anatafuta wenye kufanana na cheo chake kipya.

Francis alimtazama Eddie. Aliona macho yake yamejaa machozi. Akakata neno: Eddie atabeba. Mambo yakaisha hapo.

MVUA KATI YA MITI

Mvua ilikuwa inanyesha. Majani yalikuwa mazito, na karibu na shimo la 18, mahali njia ya mashindano ya farasi ilipopita, kulikuwa matope. Maelfu ya watu walikuja hata hivyo na kusimama kando ya njia.

Mashimo 9 ya kwanza yalimalizika hivi: Francis 38, Vardon 38, Ray 38. Hakuna wa mbele, hakuna wa nyuma. Kwa shimo la 10, lililo fupi, wale mabingwa wawili walitumia mapigo 4. Kijana alitumia 3. Kwa shimo la 12 walitumia 5, yeye 4. Sasa alikuwa mbele kwa mawili. Kwa shimo la 13 Vardon akajirudishia moja. Kwa shimo la 15 Ray aliharibu, akatumia mapigo 6, na tangu pale hakuweza tena kuwafikia.

Wakafika kwa shimo la 17, Vardon akiwa nyuma kwa pigo moja tu. Njia ya shimo lile inapinda kwenda kushoto. Vardon, aliyepiga kwanza, alitafuta njia ya mkato juu ya kona, mpira wake ukaanguka ndani ya mchanga. Akatumia mapigo 5. Francis alipita njia aliyoijua tangu utoto, akatia mpira karibu na shimo, akamaliza kwa 3. Yote hayo mbele ya nyumba ya baba yake.

Baadaye alieleza kwamba hapo kwa shimo la mwisho tu ndipo alipotambua anakwenda kushinda, na mwili wake ukaanza kutetemeka. Lakini alimaliza kwa mapigo 4. Vardon alitumia 6. Hesabu ya mwisho: Ouimet 72, Vardon 77, Ray 78. Kwa mara ya kwanza amatere alishinda mashindano yale. Watu wakamwinua Francis mabegani. Kisha wakazungusha kofia, kila mtu akitia feza, kwa ajili ya mbebaji mdogo Eddie.

MIAKA ILIYOFUATA

Francis hakuacha hali yake ya amatere kutafuta mkate katika golfu. Alishinda mashindano ya taifa ya amatere mwaka 1914, na tena mwaka 1931. Alionja uchungu pia: mwaka 1916 wakuu wa golfu wa Marekani walimwondolea haki ya amatere juu ya kazi yake ya kuuza vyombo vya michezo. Walimrudishia mwaka 1918. Mwaka 1951 klabu ya zamani ya St Andrews, kule Scotland, ilimfanya kapteni wake, na kabla yake hakuna Mmarekani aliyepewa heshima hiyo. Alikufa mwaka 1967.

Eddie alikuwa mtu mzima, akafanya biashara ya motokari kule California, akawa tajiri kweli kweli. Urafiki wao haukukatika.

Toka mwaka 1949 kuna mfuko wa masomo wenye jina la Francis Ouimet. Unasaidia vijana wanaofanya kazi katika viwanja vya golfu vya Massachusetts kulipa masomo yao ya juu. Ndiyo kusema wabebaji wa leo wanasoma kwa jina la mbebaji wa zamani. Mwaka 2022 mashindano makubwa ya Marekani yalirudi tena The Country Club, na Mwingereza Matt Fitzpatrick ndiye aliyeshinda. Nyumba ya mtunza bustani ingali imesimama, ng'ambo ya barabara.

MAULIZO YA KUZUNGUMZA NYUMBANI

1. Kwa wazazi: Arthur alitaka mwanawe afanye kazi, Mary alimkopesha dola 25, na Francis akazilipa. Nani alimsaidia zaidi? Au wote wawili?

2. Kwa vijana: Ungekuwa Francis asubuhi ya Jumamosi ile, na mashindano makubwa yako mbele yako, ungemwachia nani mfuko? Jibu kwa ukweli, si kwa kutafuta sifa.

3. Kwa wote: Ni nani anayekubebea mfuko leo, nyumbani, masomoni au kazini? Siku ukipandishwa cheo, atakuwa wapi?