Kabla ya Kulipia Ambulensi, Uliza Nani Anakaa Nyuma

Mkaazi wa Nairobi anayejiandalia siku ya dharura ana njia tatu: kulipa ada ya mwaka kwa kampuni ya ambulensi, kulipia safari moja tukio likitokea, au kupanda teksi. Wengi huanza na bei. Naona bei ije baadaye.

Teksi ni nafuu, na kwa mkono uliovunjika inatosha. Lakini mama anayevuja damu baada ya kujifungua hapati msaada wowote njiani. Hata gari lenye king'ora laweza kuwa teksi iliyopakwa rangi tu, ndiyo maana swali la kwanza ni nani anakaa nyuma na mgonjwa, na amesomea nini. Gari la kiwango cha msingi liwe na oksijeni, mashine ya kufyonza makohozi na machela yenye mikanda. La kiwango cha juu huongeza mashine ya kushtua moyo, dawa za mishipani na mhudumu anayejua kuzitumia, na hapo gharama hupanda kwa haki. Ukipata nafasi ya kuliona gari, tazama mshale wa geji ya mtungi wa oksijeni. Ukilala kwenye sifuri hata valvu ikifunguliwa, achana na kampuni hiyo.

Ada ya mwaka ina masharti. Inahudumia wazazi walioko kijijini? Inahesabu safari? Anayelipia safari moja naye aulize kuhusu kilomita na saa za kusubiri. Oktoba 2015, majeruhi mmoja alikaa ndani ya ambulensi saa 18 jijini humu akitafutiwa kitanda cha wagonjwa mahututi, kisha akafariki. Kampuni nzuri huipigia hospitali simu kabla gari halijaondoka.

Hospitali nayo isikutishe kwa amana. Katiba, Kifungu cha 43(2), inakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya 2017 inaitoza hospitali yenye uwezo inayokataa kutibu faini.

Nyumba yenye mjamzito au mzee mwenye maradhi ya moyo, ningeilipia ada ya mwaka. Asiyeweza, aweke 999, 112 na 1199 ya Msalaba Mwekundu kwenye simu ya kila mtu nyumbani, yaya akiwemo, na wote wajue kuelekeza gari hadi mlangoni.