Kusahau Kusiko kwa Uzee

Tukisikia mtu amepoteza kumbukumbu, wengi wetu huwaza uzee. Lakini upo ugonjwa wa kurithi, CTX kwa kifupi, unaoweza kuvuruga akili ya mtu wa miaka 30. Ludo van Bogaert wa Ubelgiji na wenzake waliueleza mwaka 1937.

Jeni yenye kasoro hulizuia ini kugeuza kolesteroli kuwa asidi za nyongo ipasavyo. Mafuta yaitwayo kolestanoli hujikusanya kwenye ubongo, macho na kano. Wazazi huweza kuibeba jeni hiyo bila kuugua.

Dalili huja moja moja: kuharisha kwa muda mrefu utotoni, mtoto wa jicho kabla ya utu uzima, uvimbe nyuma ya kisigino. Kila dalili hupelekwa kwa daktari wake, na kipimo cha kawaida cha kolesteroli mara nyingi hakionyeshi kitu. Baadaye mgonjwa huyumba, kisha husahau.

Kinachouma ni kwamba dawa ipo: asidi ya kenodeoksikoliki, iliyoidhinishwa Marekani kwa ugonjwa huu mwaka 2025. Huzuia madhara kuliko kurudisha kilichopotea. Basi tukimwona kijana mwenye mtoto wa jicho na aliyeharisha tangu utotoni, tusingoje asahau. Tumhimize aulizie kipimo cha kolestanoli.