Yai Nalo Linapumua

Wengi wetu hapa Goma tuna kuku wawili watatu nyuma ya nyumba. Sabuni, daftari, dawa ya mtoto: mara nyingi pesa inatoka kwao. Kuku akilalia mayai 12 na kutotoa vifaranga 4 tu, hasara inaingia jikoni. Wiki hii tuongee juu ya ganda la yai, kwa sababu mayai mengine yanaharibikia hapo.

Ganda linaonekana limefunga kabisa, lakini yai la kuku lina matundu kama 10,000, madogo hata jicho haliyaoni. Chini ya ganda kuna ngozi laini yenye mishipa ya damu. Inamfanyia kifaranga kazi ambayo kondo la nyuma linamfanyia mtoto tumboni. Oksijeni inapita katika matundu na kuingia katika damu. Gesi ya kaboni inatoka kwa njia hiyo hiyo. Hakuna kinachoisukuma. Gesi hutoka pale ilipo nyingi ikaenda pale ilipo kidogo, kama vile harufu ya sombe inavyofika kwa jirani bila kubebwa.

Katika miaka ya 1970, mtaalamu Hermann Rahn wa Buffalo, Marekani, na wenzake walipima kazi hiyo. Kwa siku 21, yai la gramu 60 huingiza karibu lita 6 za oksijeni na kutoa lita 4 na nusu za gesi ya kaboni. Pia hupoteza karibu gramu 9 za maji, kama vijiko viwili vya chai. Maji yakitoka, nafasi ya hewa upande mnene wa yai inapanuka. Humo ndimo kifaranga anavuta pumzi ya kwanza kabla ya kutoboa ganda.

Goma iko karibu mita 1,500 juu ya bahari. Hewa yetu ni nyepesi, basi mvuke unatoka upesi kuliko kule Matadi. Anayetumia mashine ya kutotolesha asiache bakuli la maji likauke.

Tukumbuke haya:

- Yai la kulaliwa tusilioshe. Juu ya ganda kuna utando unaolinda matundu. Maji ya baridi yanaweza kuvuta vijidudu viingie ndani. Tuchague mayai safi, yasiyo na ufa.
- Tusilipake mafuta. Yai la kula lililopakwa mafuta linakaa muda mrefu, kwa sababu matundu yamezibwa. La kulaliwa, kifaranga atakosa pumzi.
- Tusiyaweke karibu na petroli wala moshi wa makala.
- Yakusanywe kwa muda usiozidi juma moja, ncha nyembamba ikiangalia chini.

Kuna jambo moja zaidi, na ni la kwetu hasa: mazuku. Karibu na volkano zetu, kama kule Bulengo na Lac Vert, gesi ya kaboni inatoka ardhini. Haionekani. Ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo inajaa mabondeni na katika mashimo, zaidi usiku na asubuhi kabla upepo haujaamka. Kiota kikiwa humo, oksijeni ya kuingia katika yai ni chache, na gesi ya kaboni ya ndani haipati pa kwenda. Kuku mwenyewe anaweza kufa.

Basi kiota tukiweke juu, mahali penye upepo, si shimoni. Na mtoto je? Yeye naye pua yake iko karibu na ardhi kuliko yetu. Asicheze wala kulala mahali palipoinama ambapo mazuku inajulikana. Tukikuta ndege, kuku au mbuzi amekufa bondeni bila jeraha, tusishuke kumchukua. Tuwaite watoto wapande juu, kisha tuwaonye majirani.