Shahada ya uzamili inayovuka mipaka na funzo la Busia na Malaba

DEREVA wa trela anayesafirisha shehena kutoka Mombasa hadi Kampala hatakiwi tena kukaguliwa mara mbili anapofika Malaba. Utaratibu wa kituo cha pamoja cha mpakani unataka maafisa wa forodha na uhamiaji wa Kenya na Uganda wamshughulikie mahali pamoja, upande wa nchi anayoingia. Busia nayo inafuata utaratibu huo huo, na kituo chake kilifunguliwa rasmi Februari 2018 na Rais Uhuru Kenyatta wa Kenya na mwenzake wa Uganda, Yoweri Museveni.

Msomi bado hajapata wepesi huo. Kijana wa Busia anayetaka kusomea shahada ya uzamili katika nchi mbili au tatu huenda akalazimika kuthibitisha masomo yake upya katika kila nchi, na baadaye kuyathibitisha tena anapotafuta kazi. Kwa mzazi aliyeuza ng'ombe au kipande cha shamba ili kulipa karo, ni muhimu kufahamu jinsi masomo haya yanavyoendeshwa kabla ya kutoa pesa.

Masomo ya kanda ni nini?

Masomo ya kanda ni taaluma inayochunguza eneo moja la dunia kwa pamoja, yaani historia yake, lugha zake, siasa, uchumi na utamaduni wake, badala ya kutazama kila nchi peke yake. Wahitimu wake huajiriwa katika wizara za mambo ya nje, jumuiya za kikanda, mashirika ya misaada, vyombo vya habari na taasisi za utafiti.

Katika shahada ya nchi nyingi, mwanafunzi hujisajili katika programu moja inayoendeshwa na muungano wa vyuo vikuu. Husoma muhula au mwaka mmoja katika chuo kimoja, kisha akahamia kingine, na tasnifu yake inaweza kusimamiwa na wahadhiri wa vyuo viwili. Anapohitimu hupewa cheti kimoja cha pamoja, au vyeti viwili au zaidi kutoka kwa vyuo alikosomea.

Mpango unaojulikana zaidi ni Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya, ulioanza mwaka 2004 na ambao hupokea maombi ya wanafunzi kutoka kote duniani, Afrika Mashariki ikiwemo. Sharti lake kuu ni kwamba muungano uwe na vyuo visivyopungua vitatu kutoka nchi tatu tofauti. Anayepata ufadhili halipi karo, na hupewa euro 1,400 kwa mwezi kwa muda usiozidi miezi 24. Kutoka kwa fedha hizo hugharimia usafiri, viza, malazi na chakula.

Miongoni mwa programu zilizowahi kuendeshwa chini ya mpango huo ni ile ya masomo ya Ulaya ya Kati na Mashariki, Urusi na Eurasia, inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Glasgow cha Uingereza, huku Chuo Kikuu cha Tartu cha Estonia kikiwa mmoja wa washirika wake. Mwanafunzi hutakiwa pia kujifunza lugha ya eneo analolichunguza, kwa kuwa asiyejua lugha ya wenyeji husoma tu yale ambayo wengine wameamua kumtafsiria.

Si jambo geni kwetu

Afrika Mashariki iliwahi kuwa na chuo kikuu kimoja. Kati ya mwaka 1963 na 1970, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam vilikuwa vyuo vishiriki vya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, na wanafunzi kutoka Kenya, Uganda na Tanzania walivuka mipaka kufuata masomo waliyoyataka. Chuo hicho kilipovunjwa mwaka 1970, kila nchi ilibaki na chuo chake, na mwanafunzi wa nchi jirani akageuka mgeni.

Moyo wa ushirikiano haukufa kabisa. Muungano wa Utafiti wa Kiuchumi Afrika (AERC), wenye makao yake Nairobi, ulianzisha mwaka 1993 shahada ya uzamili ya uchumi inayofundishwa kwa ushirikiano. Wanafunzi husomea masomo ya msingi katika vyuo vya nchi zao, kisha hukutanishwa mahali pamoja, kwa miaka mingi jijini Nairobi, kusomea masomo ya hiari ambayo chuo kimoja peke yake kisingeweza kuyagharimia. Taaluma ni uchumi, lakini muundo huo unaweza kufuatwa na masomo ya kanda pia.

Kwa nini Busia na Malaba?

Anayetilia shaka umuhimu wa kusomea zaidi ya nchi moja anaweza kupata jibu katika miji hii miwili. Hadi mwaka 1902, eneo hili lote lilikuwa sehemu ya himaya ya Uganda. Mwaka huo Waingereza waliuhamisha mkoa wa mashariki wa Uganda na kuuweka chini ya himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye ilikuja kuwa Kenya. Wasamia na Wateso wakajikuta na jamaa pande zote mbili, na hadi leo ukoo mmoja unaweza kuwa na vitambulisho vya nchi mbili tofauti.

Mtafiti anayekaa upande wa Kenya pekee humwona mama anayevuka na gunia la mahindi kupitia njia ya panya, naye huandika kwamba ni magendo. Angekaa muhula mmoja upande wa pili, huenda angegundua kwamba mama huyo anatoka katika shamba la familia yake. Vivyo hivyo, utaratibu rahisi wa forodha wa Jumuiya ya Afrika Mashariki humruhusu mchuuzi mwenye bidhaa za thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani kutumia cheti chepesi cha uasili wa bidhaa. Ili kujua kwa nini wengine hawakitumii, ni lazima kuwauliza wachuuzi na maafisa wa pande zote mbili.

Hata neno bodaboda, ambalo sasa linatumika mbali na hapa, linaaminika kuzaliwa katika mpaka huu, ambako waendesha baiskeli walibeba abiria na mizigo kutoka kituo cha nchi moja hadi cha nyingine.

Isitoshe, vyuo viko karibu. Upande wa Kenya kuna Chuo Kikuu cha Alupe katika Kaunti ya Busia, na upande wa Uganda kuna Chuo Kikuu cha Busitema, kilichoanzishwa mwaka 2007 katika wilaya inayoitwa pia Busia. Mkenya na Mganda wameweza kuvuka mpaka kwa kitambulisho cha taifa tangu mwaka 2014. Hivyo basi, kumfikisha mwanafunzi darasani si tatizo kubwa.

Vikwazo viko wapi?

Kikwazo cha kwanza ni krediti, yaani kipimo cha kazi ambayo mwanafunzi ameifanya katika kila somo. Chuo cha pili kisipozikubali krediti za chuo cha kwanza, mwanafunzi hurudia masomo na kulipa upya. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki (IUCEA), lenye makao Kampala, lilibuniwa kusimamia mambo kama haya, na mfumo wa pamoja wa viwango vya elimu ya juu ulipitishwa mwaka 2015. Mei 2017, viongozi wa Jumuiya walitangaza kanda hii kuwa eneo moja la elimu ya juu.

Hata hivyo, tangazo la viongozi hutekelezwa na msajili wa chuo, naye hufuata kanuni za seneti yake. Karo ni mfano mwingine. Kuoanisha karo ni miongoni mwa mambo yaliyokusudiwa, lakini kila chuo bado hupanga viwango vyake.

Utambuzi wa vyeti nao una milango yake. Nchini Uganda, programu huidhinishwa na Baraza la Kitaifa la Elimu ya Juu (NCHE), na nchini Kenya na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE). Mkenya anayerejea na cheti cha nje hukabiliana pia na Mamlaka ya Kitaifa ya Ufuzu (KNQA). Mwaka 2023 kulizuka wasiwasi mkubwa ilipobainika kwamba idhini ya programu nyingi za vyuo vya Uganda ilikuwa imepitwa na wakati, jambo lililowatia hofu hata wahitimu wa miaka ya nyuma.

Anayefikiria kujisajili anashauriwa apate majibu ya maandishi kwa maswali manne. Je, programu imeidhinishwa katika kila nchi atakakosomea, na idhini hiyo inaisha lini? Krediti za kila muhula zitahesabiwa na chuo gani? Cheti cha mwisho kitatolewa kwa jina la chuo kimoja au vyote? Na iwapo chuo kimoja kitajiondoa katikati, nani atamkamilishia masomo?

Jumuiya sasa ina nchi wanachama wanane, baada ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo kujiunga mwaka 2022 na Somalia mwaka 2024. Inahitaji watumishi wanaoifahamu kanda nzima, na vijana wa Busia na Malaba wanaijua hali ya mpakani tangu utotoni. Wakikosa mahali pa kuisomea kwa utaratibu unaotambuliwa kote, kazi hizo zitaendelea kuchukuliwa na walioisomea kanda yetu wakiwa Glasgow au London.