Mfalme Edipode Avae Barakoa Gani?

Samuel Mushi alipoitafsiri tanzia ya Sophocles na kuiita Mfalme Edipode (1971), alitupa maneno. Barakoa ni kazi ya jukwaa. Wagiriki waliicheza kwa waigizaji watatu tu, wakibadilishana barakoa hadi wahusika wote wakamalizika, huku korasi ya watu 15 ikiimba na kucheza. Je, tukiichezea Kasulu au Kibondo, barakoa tuziazime wapi?

Mimi nilianzia mbali, Indonesia. Katika topeng ya kisiwa cha Bali, mfalme huvaa barakoa inayofunika uso mzima, hivyo hasemi, anacheza tu. Maneno yake husemwa na mtumishi, penasar, mwenye nusu-barakoa iliyoacha mdomo wazi, naye huyafasiri kwa lugha ya kila siku. Hebu fikiri: mfalme kimya, mtumishi anamwaga Kiha! Nilishawishika kabisa.

Ila Edipode ananaswa na mdomo wake. Ni yeye anayemlaani muuaji asiyemjua, kumbe anajilaani mwenyewe. Laana hiyo akiisema mtumishi, tanzia imekufa. Basi nusu-barakoa aivae mfalme.

Teiresias, yule mwaguzi kipofu, namwona kama mteko. Kabla ya uchifu kufutwa mwaka 1963, mwami wa Heru alikuwa na ngoma na ng'ombe, lakini matambiko ya ardhi yalikuwa ya mteko. Mwami akimtukana mteko wakati nchi inaangamia kwa tauni, mzee wa Kasulu hahitaji kufafanuliwa lolote. Korasi nayo iwe na nyuso wazi, maana ngoma nilizokulia hazina barakoa.

Jibu la mwisho nimelipata kwa Wamakonde, si Bali. Katika mapiko, asiyepita jandoni hapaswi kumjua aliyemo ndani, na kumvua hadharani ni mwiko. Edipode amezidi hapo: hata yeye hajui nani amevaa barakoa yake. Wahakiki wengi hudhani kwamba akirudi jukwaani, macho yametobolewa, Wagiriki walimvalisha barakoa nyingine. Mimi ningemvua. Asimame uso mtupu mbele ya korasi, ngoma zinyamaze, aombe afukuzwe nchini. Wilayani Kasulu ipo Nyarugusu, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1996. Baadhi ya watazamaji wetu watatoka huko.